Walishinda uwanjani, wakashindwa mezani: Timu zisizofungwa na ubingwa wa vyuo vikuu Marekani

Na Mwandishi Wetu

WAHENGA walisema, asiyekubali kushindwa si mshindani. Msemo huo husikika sana viwanjani, hasa pale timu inapofungwa na mashabiki wake wakaanza kumtafuta mchawi. Lakini wahenga hawakutuachia neno la kumliwaza yule ambaye hakushindwa na mtu, aliyecheza msimu mzima bila kupoteza hata mchezo mmoja, kisha akaambiwa kuwa bingwa ni mwingine.

Hayo ndiyo yaliyoikuta timu ya kandanda ya Kimarekani ya Chuo Kikuu cha Auburn, kilichoko katika jimbo la Alabama, msimu wa 2004. Ilicheza michezo 13 na kushinda yote 13, lakini haikupewa nafasi ya kucheza fainali. Miaka 19 baadaye, Desemba 2023, jambo linalofanana na hilo liliikuta timu ya Florida State, iliyokuwa imeshinda michezo yake yote 13 na kutwaa ubingwa wa ligi yake. Kamati ya uteuzi ilikaa, ikatafakari, na kuchagua timu nne nyingine.

Katika soka tuliyoizoea, timu inayopata pointi bila kutoka jasho husemwa kuwa imepata ushindi wa mezani. Kandanda ya vyuo vikuu vya Marekani imezaa kinyume chake: timu inayoshinda uwanjani ikashindwa mezani. Makala haya yanaeleza jinsi hali hiyo ilivyotokea, hoja zilizotolewa na kila upande, na kwa nini mjadala haujafungwa hata baada ya milango ya mtoano kupanuliwa.

Tatizo la hesabu

Kandanda ya Kimarekani huchezwa kwa mpira wenye umbo la yai, unaobebwa na kurushwa kwa mikono, huku wachezaji 11 wa kila upande wakigongana kwa nguvu wakiwa wamevaa kofia ngumu na vikinga mwili. Kwa sababu ya ugumu huo, timu hucheza kwa kawaida mara moja tu kwa wiki. Nchini Marekani mchezo huo katika ngazi ya vyuo vikuu si burudani ya wanafunzi pekee. Baadhi ya viwanja vya vyuo huingiza watazamaji zaidi ya 100,000, makocha wakubwa hulipwa mamilioni ya dola kwa mwaka, na haki za televisheni huuzwa kwa fedha nyingi.

Ili kuelewa chanzo cha ugomvi, msomaji anapaswa kwanza kutazama hesabu. Katika Ligi Kuu ya Uingereza timu 20 hukutana zote, nyumbani na ugenini, na kila moja hucheza michezo 38. Arsenal ilipomaliza msimu wa 2003/04 bila kufungwa, hakuna aliyehitaji kupiga kura ili kujua bingwa ni nani. Msimamo wa ligi ulikwishasema.

Kwa vyuo vya Marekani mambo ni tofauti. Daraja la juu lina timu zaidi ya 130, na kila timu hucheza michezo 12 tu kabla ya hatua za mwisho. Vyuo vimejigawa katika ligi za kikanda, ambazo Wamarekani huziita konferensi, na sehemu kubwa ya michezo huchezwa ndani ya ligi hizo. Baadhi ya ligi zina vigogo watupu. Nyingine zina vyuo vyenye bajeti ndogo na viwanja vidogo. Hivyo basi, timu mbili zinaweza kumaliza msimu bila kufungwa, zikiwa hazijawahi kukutana wala kucheza na mpinzani mmoja aliye sawa.

Aidha, chama kinachosimamia michezo ya vyuo, NCAA, huendesha mtoano wa ubingwa katika madaraja ya chini ya kandanda, lakini hakijawahi kuendesha ubingwa wa daraja la juu. Pengo hilo lilijazwa na waandishi wa habari, makocha, kompyuta na hatimaye kamati.

Enzi za kura

Shirika la habari la Associated Press (AP) lilianza kuendesha kura ya kila wiki ya waandishi mwaka 1936. Makocha nao wakaanza kura yao mwaka 1950. Msimu ulipomalizika, timu zilizofanya vizuri zilialikwa kucheza mchezo mmoja maalumu katika miji yenye hali ya hewa nzuri. Michezo hiyo hubeba majina kama Rose Bowl, Orange Bowl, Sugar Bowl na Fiesta Bowl. Kwa miaka mingi kura ya mwisho ilipigwa hata kabla ya michezo hiyo kuchezwa.

Katika utaratibu huo, kutofungwa hakukuwa hakikisho la jambo lolote. Penn State ilimaliza misimu ya 1968, 1969 na 1973 bila kupoteza mchezo, lakini haikutawazwa bingwa hata mara moja kati ya hizo. Mwaka 1969 hata Ikulu ya Marekani iliingia katika ugomvi huo. Desemba 6 mwaka huo, Texas ilipoifunga Arkansas 15-14, Rais Richard Nixon alikuwapo uwanjani na kuikabidhi Texas ngao ya kuitambua kuwa timu bora ya taifa, huku Penn State nayo ikiwa haijafungwa.

Mwaka 1984 mambo yaligeuka. Brigham Young, chuo cha jimbo la Utah kilichocheza katika ligi isiyohesabiwa miongoni mwa zile kubwa, kilikuwa timu pekee iliyomaliza bila kufungwa. Mchezo wake wa mwisho ulikuwa dhidi ya Michigan, iliyokuwa imeshinda michezo sita na kupoteza mitano. Brigham Young ilishinda 24-17 na kutangazwa bingwa, jambo lililowaudhi waliodai kuwa ilipanda ngazi kwa kucheza na wanyonge. Washington, iliyopoteza mchezo mmoja lakini ikaifunga Oklahoma katika Orange Bowl, iliishia nafasi ya pili. Hiyo ndiyo hoja ya kale kuliko zote: je, rekodi safi dhidi ya wapinzani dhaifu ina uzito kuliko rekodi yenye doa moja dhidi ya wapinzani wakali?

Mwaka 1994 ikawa zamu ya vigogo wawili. Nebraska na Penn State zote hazikufungwa. Hata hivyo hazikuweza kukutana, kwa sababu bingwa wa ligi ya Penn State, Big Ten, alilazimika kwa mkataba kwenda Rose Bowl. Penn State iliifunga Oregon 38-20, Nebraska ikaifunga Miami 24-17, na wapiga kura wakaipa Nebraska ubingwa. Miaka mitatu baadaye, 1997, kura ziligawanyika. Waandishi waliichagua Michigan, iliyokuwa imeshinda michezo 12, na makocha wakaichagua Nebraska, iliyoshinda 13, kwa tofauti ndogo mno. Kocha wa Nebraska, Tom Osborne, alikuwa anastaafu, na wapo walioamini kuwa makocha wenzake walimpa zawadi ya kumuaga.

Msimu wa 2004: timu tano, viti viwili

Ili kuondoa fedheha hiyo, ligi kubwa ziliunda mwaka 1998 mfumo uliojulikana kwa kifupi kama BCS. Kazi yake kuu ilikuwa kuzitafuta timu mbili tu, namba moja na namba mbili, na kuzikutanisha katika fainali. Kura za watu zilichanganywa na hesabu za kompyuta, na fomula ikawa inarekebishwa karibu kila ulipozuka mzozo. Walioendesha mfumo walikuwa ni zile ligi kubwa zenyewe, na walioachwa nje walikumbushia kwamba kesi ya nyani haipelekwi kwa ngedere.

Mfumo wa viti viwili ulitegemea bahati: kwamba kila mwaka kutakuwa na timu mbili zilizojitenga na nyingine. Msimu wa 2004 bahati hiyo iliisha. Mwanzoni mwa Desemba zilikuwapo timu tano ambazo hazikuwa zimefungwa: Southern California (USC), Oklahoma, Auburn, Utah na Boise State.

Nafasi zilikwenda kwa USC na Oklahoma. Sababu zake zilikuwapo. USC ilikuwa bingwa wa kura ya waandishi wa msimu uliotangulia, na mchezaji wake, Matt Leinart, alitwaa tuzo ya Heisman, inayotolewa kwa mchezaji bora wa vyuo. Oklahoma ilikuwa na Jason White, aliyeshinda tuzo hiyo mwaka 2003, na ilikuwa imeigaragaza Colorado 42-3 katika fainali ya ligi yake.

Lakini wafuasi wa Auburn walikuwa na hoja nzito. Timu yao ilitoka katika ligi ya SEC, ambayo wengi waliihesabu miongoni mwa ligi ngumu kuliko zote. Iliifunga LSU 10-9, timu iliyokuwa bingwa mwenza wa taifa wa mwaka uliotangulia. Iliifunga Georgia 24-6. Iliifunga Tennessee mara mbili, ya pili ikiwa 38-28 katika fainali ya ligi. Wachezaji wake wanne, Ronnie Brown, Carnell Williams, Carlos Rogers na Jason Campbell, walichaguliwa na klabu za kulipwa katika raundi ya kwanza mwaka 2005.

Kosa la Auburn lilikuwa nini? Wapinzani walitaja ratiba yake ya nje ya ligi, iliyokuwa na Louisiana-Monroe, Louisiana Tech na The Citadel, chuo cha daraja la chini. Hoja hiyo ilikuwa na ukweli. Hata hivyo, kulikuwa na jambo jingine lililowauma zaidi watu wa Auburn. Kabla ya msimu kuanza, wakati hakuna timu iliyokuwa imecheza hata dakika moja, kura ya waandishi iliiweka USC ya kwanza, Oklahoma ya pili na Auburn ya 17. Timu zilizo mbele hazikupoteza mchezo, na kwa desturi ya wapiga kura, timu haishushwi ikiwa imeshinda. Auburn ilipanda hadi nafasi ya tatu na kukwama hapo. Kwa maneno mengine, mbio za mita 100 zilianza huku mmoja akiwa amewekwa nyuma ya wenzake kwa sababu ya dhana iliyojengwa mwezi Agosti.

Fainali ilichezwa Januari 4, 2005, katika Orange Bowl. USC iliibugiza Oklahoma 55-19. Usiku wa kuamkia siku hiyo, Auburn ilikuwa imeifunga Virginia Tech 16-13 katika Sugar Bowl. Utah, iliyokuwa chini ya kocha Urban Meyer, iliichapa Pittsburgh 35-7 katika Fiesta Bowl, ikiwa timu ya kwanza kutoka nje ya ligi kubwa kupenya katika michezo ya BCS. Boise State ndiyo pekee kati ya zile tatu zilizoachwa iliyoteleza, kwa kufungwa na Louisville 44-40.

Matokeo ya Oklahoma yaliwapa watu wa Auburn silaha: "Tungekuwa sisi, tusingefungwa hivyo." Haki inataka tuseme kuwa hoja hiyo haina mwisho. Oklahoma kufungwa vibaya siku moja hakuthibitishi kuwa Auburn ingeshinda. Tena USC na Auburn zilikuwa na mpinzani mmoja wa pamoja, Virginia Tech, na USC iliifunga kwa tofauti ya pointi 11, Auburn kwa tatu. Lakini hapo ndipo penye kiini cha malalamiko. Maswali kama hayo yapo ili yajibiwe uwanjani, na Auburn ilinyimwa uwanja.

Hitimisho la msimu huo lilikuja baadaye, na lilikuwa la ajabu. Mwaka 2010 NCAA iliiadhibu USC baada ya kubaini kuwa mchezaji wake nyota, Reggie Bush, alipokea manufaa yaliyokatazwa na kanuni za wakati huo. Mwaka 2011 wasimamizi wa BCS waliifutia timu hiyo taji la 2004. Taji halikupewa mwingine. Kwa hiyo, msimu uliokuwa na timu nyingi zisizofungwa kuliko viti vilivyokuwapo umebaki katika vitabu vya BCS ukiwa hauna bingwa kabisa, ingawa AP haikuifuta USC katika orodha yake. Shirika hilo lenyewe lilikwishajitoa Desemba 2004, likiitaka BCS isitumie tena kura yake katika kutafuta wachezaji wa fainali.

Kilio cha wadogo

Ikiwa Auburn, mtoto wa nyumba kubwa, ilitendewa hivyo, waliotoka katika nyumba ndogo hawakuwa na matumaini. Tulane ilimaliza msimu wa 1998 na Marshall ule wa 1999 bila kufungwa, na hazikukaribia fainali.

Usiku wa Januari 1, 2007, Boise State ilizibua masikio ya wengi. Ikicheza na Oklahoma katika Fiesta Bowl, ilisawazisha katika sekunde za mwisho na kushinda 43-42 katika muda wa nyongeza, kwa mbinu ya hila iliyowaacha walinzi wakitazama upande usio na mpira. Ian Johnson, aliyefunga pointi za ushindi, akamchumbia mpenzi wake hapo hapo mbele ya kamera. Baada ya Ohio State kupoteza fainali kwa Florida 41-14, Boise State ilibaki timu pekee isiyofungwa katika daraja lote la juu. Bingwa alikuwa Florida, iliyokuwa imepoteza mchezo mmoja.

Msimu wa 2008 Utah ilirudia. Ilishinda michezo 13, ukiwamo wa Sugar Bowl dhidi ya Alabama ya kocha Nick Saban, 31-17. Nayo ilikuwa timu pekee isiyofungwa, na nayo ikaishia nafasi ya pili katika kura ya waandishi. Suala hilo likatoka viwanjani na kuingia katika siasa. Mwanasheria Mkuu wa jimbo la Utah alitangaza kuchunguza kama BCS ilivunja sheria zinazozuia ukiritimba, na Seneta Orrin Hatch wa jimbo hilo akalisimamia katika vikao vya Seneti mwaka 2009. Barack Obama, aliyekuwa amechaguliwa tu kuwa rais, alisema katika mahojiano ya televisheni Novemba 2008 kwamba alitaka mtoano wa timu nane.

Mwaka 2009 timu tano zilifika tena Desemba bila kufungwa: Alabama, Texas, Cincinnati, TCU na Boise State. Alabama na Texas zilipelekwa fainali, na Alabama ikashinda 37-21. TCU na Boise State zilipangwa zikutane zenyewe kwa zenyewe. Wapo walioona kuwa hiyo ilikuwa njia ya kuwazuia wadogo wasiwaaibishe wakubwa.

Novemba 2010, Gordon Gee, aliyekuwa rais wa Chuo Kikuu cha Ohio State, alisema timu kama TCU na Boise State hazikustahili fainali kwa kuwa ratiba zao zilikuwa sawa na kucheza na masista wanaohudumia maskini. Wiki chache baadaye TCU iliifunga Wisconsin 21-19 katika Rose Bowl na kumaliza na ushindi wa michezo 13. Wisconsin ilitoka katika ligi moja na Ohio State.

Kutoka kompyuta hadi kamati

BCS ilizikwa baada ya msimu wa 2013. Mwaka 2014 ulianza mtoano wa timu nne, zikichaguliwa na kamati yenye wajumbe 13. Wengi walidhani mjadala umekwisha, kwani viti viliongezwa mara mbili. Lakini ligi kubwa zilikuwa tano na viti vinne, na nyuma yake kulikuwa na foleni ya ligi ndogo.

Mwaka 2017 Central Florida (UCF), timu ambayo miaka miwili kabla ilipoteza michezo yake yote 12, ilishinda yote. Kamati iliiweka nafasi ya 12 katika orodha yake ya mwisho. Januari 1, 2018, UCF iliifunga Auburn 34-27. Uzito wa ushindi huo unaonekana pale inapokumbukwa kuwa Auburn hiyo hiyo ilizifunga Alabama na Georgia katika msimu huo, na Alabama na Georgia ndizo zilizocheza fainali. UCF ikajitangaza yenyewe kuwa bingwa wa taifa na kufanya gwaride la ushindi. Wengi walicheka. Lakini hesabu za Colley, mojawapo ya mifumo inayotambuliwa katika vitabu vya kumbukumbu vya NCAA, ziliiweka UCF ya kwanza.

Ilichukua hadi 2021 kwa mlango kufunguka. Cincinnati, iliyoshinda michezo 13 ukiwamo wa ugenini dhidi ya Notre Dame, ilikuwa timu ya kwanza kutoka nje ya ligi kubwa kuingia katika timu nne. Ilifungwa na Alabama 27-6. Waliowapinga wadogo walisema wamethibitishiwa. Waliowatetea walijibu kuwa vigogo wengi wamefungwa vibaya zaidi katika hatua hiyo, na hakuna aliyesema wasialikwe tena.

Mguu wa Jordan Travis

Kisa cha Florida State cha 2023 kinastahili kutazamwa kwa makini, kwa kuwa kilivunja kanuni ambayo kila mtu aliidhani kuwa haivunjiki: kwamba bingwa wa ligi kubwa asiyefungwa hawezi kuachwa.

Timu hiyo ilianza msimu kwa kuichapa LSU 45-24. Novemba 18, ikicheza na North Alabama, Jordan Travis aliumia vibaya mguu. Travis alikuwa kwotabeki, yaani mchezaji anayeongoza mashambulizi na kurusha mipira, na hakuna nafasi iliyo muhimu kuliko hiyo katika mchezo huu. Bila yeye timu iliifunga Florida 24-15. Kisha katika fainali ya ligi ya ACC, ikimtegemea kwotabeki wa tatu, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, iliifunga Louisville 16-6. Ngome yake ndiyo iliyoibeba.

Kabla ya mchezo huo Florida State ilikuwa nafasi ya nne katika orodha ya kamati. Ilishinda, na siku iliyofuata, Desemba 3, ikatangazwa ya tano. Nafasi zilikwenda kwa Michigan na Washington, ambazo hazikuwa zimefungwa, pamoja na Texas na Alabama, zilizopoteza mchezo mmoja mmoja. Alabama ilikuwa imeifunga Georgia 27-24 na kukatisha mfululizo wake wa ushindi wa michezo 29. Texas nayo iliifunga Alabama 34-24 mwezi Septemba. Ilikuwa vigumu kuichukua Alabama na kuiacha Texas, na aliyebaki nje akawa Florida State.

Kamati ilieleza kuwa bila Travis timu ile haikuwa tena timu ile ile. Kanuni zake ziliiruhusu kuzingatia kukosekana kwa wachezaji muhimu. Travis mwenyewe aliandika kuwa alitamani mguu wake ungevunjika mapema zaidi katika msimu, ili watu wapate muda wa kuona kuwa timu ilikuwa zaidi ya mtu mmoja. Ni vigumu kusoma maneno hayo ya kijana aliyelala na jeraha, akijiona kuwa ndiye sababu ya wenzake kunyimwa haki, bila kuguswa.

Desemba 30, katika Orange Bowl, Florida State ilifungwa na Georgia 63-3. Kamati ilionekana kuwa sahihi. Lakini wachezaji zaidi ya 20 wa Florida State hawakucheza siku hiyo, baadhi kwa majeraha na wengi kwa kuwa hawakuona sababu ya kuhatarisha miili yao baada ya ubingwa kuondolewa mezani. Mtu hawezi kumfungia farasi zizini kisha akatoa ushahidi kuwa hakukimbia. Jimboni Florida, Gavana Ron DeSantis alipendekeza kutenga dola milioni moja kwa ajili ya kesi, na Mwanasheria Mkuu wa jimbo akaanzisha uchunguzi.

Bora au anayestahili?

Ukiondoa kelele za mashabiki, mjadala huu unabeba maswali mawili ambayo mara nyingi huchanganywa. Swali la kwanza ni timu ipi iliyo bora, yaani ipi ingeshinda ikiwa zote zingecheza kesho. Swali la pili ni timu ipi inayostahili, kwa kutazama yale iliyokwishafanya.

Wanaoshika swali la kwanza wanasema fainali ni ya timu bora, na kwamba kuialika timu iliyojaza ratiba yake wanyonge ni kuidhulumu iliyopambana na majabali. Hoja hiyo haiwezi kupuuzwa. Liberty nayo ilishinda michezo yake yote 13 mwaka 2023, na ilipokutana na Oregon ilifungwa 45-6.

Wanaoshika swali la pili wanajibu kuwa ubora unaokadiriwa ni maoni, na ushindi ni tendo. Timu haichagui wapinzani wote, na vyuo vikubwa mara nyingi hukwepa kuvitembelea vidogo vyenye nguvu. Mchezaji wa chuo naye ana misimu michache tu ya kucheza. Campbell na Williams wa Auburn walikuwa katika mwaka wao wa mwisho. Hawakuwa na "msimu ujao".

Mwandishi wa makala haya anaona kuwa upande wa pili una haki zaidi kwa sababu moja. Timu iliyofungwa mara moja imepata jibu la uwanjani, hata kama jibu hilo ni chungu. Timu isiyofungwa haijapata jibu lolote. Kuitoa ni kumhukumu mtu kwa kosa ambalo hajalitenda, kwa kuwa wazee wa baraza wanaamini angelitenda.

Timu 12 na doa moja

Tangu msimu wa 2024 mtoano umekuwa na timu 12. Katika misimu ya 2024 na 2025 mabingwa watano wa ligi wenye nafasi za juu katika orodha waliingia moja kwa moja, na nafasi saba ziligawiwa na kamati. Chini ya utaratibu huo, Auburn ya 2004 na Florida State ya 2023 zisingeachwa kamwe, na bingwa wa ligi ndogo asiyefungwa ana njia aliyoikosa kwa miaka mingi.

Hata hivyo, kila dawa ina uchungu wake. Msimu wa 2024 Oregon ilifika mtoano ikiwa timu pekee isiyofungwa, ikiwa na ushindi wa michezo 13, ukiwamo wa 32-31 dhidi ya Ohio State mwezi Oktoba. Januari 1, 2025, zilikutana tena, na Ohio State ikashinda 41-21. Ohio State, iliyokuwa imepoteza michezo miwili, ikaendelea hadi kuwa bingwa kwa kuifunga Notre Dame 34-23. Zamani doa moja lilitosha kuizamisha timu. Sasa bingwa anaweza kuwa na madoa mawili, na rekodi safi ya miezi minne inaweza kufutwa kwa saa tatu.

Watu wa Oregon waliumia, lakini hawakulalamikia kamati. Walikuwa wamefungwa uwanjani, na hapo msemo wa wahenga unafaa.

Msimu uliofuata ulitoa jibu jingine. Indiana, mojawapo ya vyuo vilivyopoteza michezo mingi zaidi katika historia ya daraja la juu, iliifunga Ohio State 13-10 katika fainali ya Big Ten, timu zote mbili zikiwa hazijafungwa hadi siku hiyo. Kisha ikazitoa Alabama na Oregon, na Januari 19, 2026, ikaifunga Miami 27-21 na kutwaa ubingwa wake wa kwanza wa taifa. Ilishinda michezo 16 kati ya 16, na hakuna aliyepiga kura kuamua kama ilistahili.

Mabishano ya sasa ni kuhusu nani awe wa 12 na nani wa 13, na wapo wanaotaka timu ziongezwe tena. Ni mabishano ya timu zilizofungwa mara mbili au tatu, kila moja ikiwa ilipata nafasi ya kujitetea uwanjani na kuipoteza. Auburn ya 2004 haikuwahi kuipata nafasi hiyo. Rekodi yake ya 13-0 ingali vitabuni, na mbele ya mwaka huo, katika orodha ya mabingwa wa BCS, pamebaki wazi.